Programu huria: yanayosemwa barazani Tanga na hali ilivyo

"Hizo programu zinagawiwa bure. Sasa wewe unalipwa na nani?"

Hilo ndilo swali la kwanza analokutana nalo kijana wa Ngamiani au Makorora akisema kazi yake ni kutengeneza zana za waandishi wa programu, tena huria. Muulizaji aghalabu ni mjomba, ambaye ameshaamua kwamba mpwa wake hana kazi. Mjomba ana haki ya kuuliza, ila hesabu yake haiko sawa.

Leseni ya programu huria inampa yeyote haki ya kuutumia msimbo (maandishi yanayounda programu), kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Kuuza haikukatazwa. Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuunda mfumo huria wa kompyuta, aliwahi kuuza kanda za Emacs, programu ya kuhariri maandishi, kwa dola 150, na programu yenyewe ni huria. Kampuni ya Red Hat ilijengwa juu ya Linux, mfumo endeshi huria ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua bila kulipa senti, na mwaka 2019 IBM iliinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 34. Wateja wanalipia matengenezo, dhamana, na mtu wa kupigiwa simu mambo yanapoharibika usiku. Hata kiini cha Linux, sehemu kubwa ya mabadiliko yake huandikwa na waajiriwa wa kampuni mbalimbali, saa za kazi, kwa mshahara.

Lakini na mpwa naye asijidanganye. Daniel Stenberg wa Sweden alitoa curl mwaka 1998, programu ya kuhamisha data ambayo leo imo kwenye simu, televisheni na magari. Kwa miaka mingi aliilea pembeni ya ajira nyingine, mpaka 2019 alipopata mwajiri, wolfSSL, wa kumlipa aifanye kutwa nzima. Wapo walezi, yaani watunzaji, wa miradi inayotegemewa na dunia ambao hawajapata bahati hiyo. Kwa kawaida kazi yako huonekana kwanza, mkataba ukafuata. Milango inayolipa mapema ipo michache: Google Summer of Code, iliyoanza 2005 na tangu 2022 haitaki lazima uwe mwanafunzi, na Outreachy, ambayo imekuwa ikilipa dola 7,000 kwa mafunzo ya miezi 3. Ushindani wake si mchezo.

"Hiyo ni kazi ya vichwa vya hisabati."

Hii ndiyo dhana inayowapoteza wengi, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Ukimwangalia mhandisi wa zana akiwa kazini, muda mwingi haandiki chochote. Anasoma alichoandika mwingine.

Chukulia toleo jipya la kompaila, zana inayogeuza msimbo uwe programu ya kuendeshwa na kompyuta, limetoka, na programu iliyokuwa ikienda vizuri jana, leo inagoma. Kati ya toleo la zamani na jipya kuna mabadiliko 1,000. Ukae uyasome yote? Hapana. Git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ina amri iitwayo bisect. Unaiambia toleo lipi lilikuwa zima na lipi ni bovu, nayo inakupeleka katikati. Unajaribu, unajibu "zima" au "bovu", nusu moja inatupwa. Elfu moja inakuwa 500, kisha 250, kisha 125, na kwenye jaribio la 10 hivi umefika kwenye badiliko lenyewe, jina la mwandishi na tarehe vimeandikwa hapo. Hakuna hisabati ya kutisha. Ni subira tu ya kujaribu kila mara kwa namna ileile.

Halafu inakuja sehemu inayotenganisha wanaume na wavulana, na wanawake na wasichana: kueleza. Mradi wako una mistari 600, lakini hitilafu inaonekana kwa mistari 6. Hiyo 594 iondoe. Taja toleo, taja mfumo wa kompyuta, sema ulitarajia nini na ulipata nini. Ripoti ya namna hiyo ni mchango kamili hata kama hukurekebisha kitu, na mlezi wa mradi ataipokea kwa furaha kuliko marekebisho marefu yaliyotumwa kimya kimya.

Git yenyewe ni mfano mzuri. Linus Torvalds aliianzisha Aprili 2005, baada ya wasanidi wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia BitKeeper, zana ya namna hiyohiyo, bila malipo. Miezi michache baadaye alimkabidhi Junio Hamano, ambaye ndiye ameilea kwa takriban miaka 20. Jina linalotajwa barazani ni la mwanzilishi. Binafsi, nikimtafutia kijana kielelezo cha kazi hii, nitamtaja Hamano.

"Kama hujui kuandika programu, huna nafasi."

Si kweli. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice, programu za kazi za ofisi, inayozungumza Kiswahili. Kazi hiyo ilihitaji watu wenye lugha, na sisi watu wa Tanga kwa Kiswahili hatujawahi kuona haya.

"Msimbo ukiwa wazi, wezi wanaingia. Na ukiwa wazi, macho ni mengi, hakuna hatari."

Dhana mbili zinazopingana, na zote zina kasoro. Hitilafu ya Heartbleed ilikaa kwenye OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, hadharani tangu 2012, ikagunduliwa 2014. Uwazi haukuwaleta wasomaji wenyewe.

Kisa cha xz, zana huria ya kubana mafaili, kinafundisha zaidi. Mtu aliyejiita Jia Tan alitumia zaidi ya miaka miwili kumsaidia mlezi aliyechoka, akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulikia hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Angeweza kupuuza. Akafuatilia mpaka kwenye xz, akatangaza. Kwa hiyo uwazi ulimpa mwizi nafasi ya kujipendekeza, na uwazi huohuo ukampa Freund nafasi ya kuchungulia ndani bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Akili mnemba imeshaimaliza kazi hiyo."

Mwaka 2025 Stenberg huyohuyo wa curl alilalamika hadharani kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na akili mnemba, ndefu, zenye adabu, na zisizo na ukweli. Kila moja ilibidi isomwe na binadamu. Kazi imeongezeka.

"Ni mambo ya Ulaya, na lazima uhamie Dar."

Takwimu za vituo vya afya vya mkoa huu hupita kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara yetu ya afya. Msimbo wake uko wazi hata kwa aliyekaa Chumbageni.

Kuhusu bando, Git haihitaji mtandao kila dakika: ukishanakili mradi, unafanya kazi mtandao uwepo usiwepo, unatuma baadaye. Linux yote pamoja na historia yake ni gigabaiti kadhaa. Ukinakili kwa kina cha 1 unapata hali ya sasa tu, kwa megabaiti mia kadhaa. Majadiliano mengi ni ya maandishi, kwa hiyo mlezi aliyeko Japani akijibu wewe umelala, utamkuta asubuhi.

Panaposumbua kweli ni malipo. Kabla ya kusaini mkataba na kampuni ya nje, uliza benki yako dola zitaingiaje na makato ni kiasi gani, kisha nenda TRA ujue kodi yako mapema, maana mwajiri wa ng'ambo hatakukatia.