Kiambata amilifu cha asili kutoka vilindi vya bahari: maana yake

Kiambata amilifu cha asili ni kemikali iliyotengenezwa na kiumbe hai, ambayo ikifika kwenye seli za kiumbe kingine huleta badiliko: huziua, huzizuia zisigawanyike, au hutuliza maumivu. Penisilini, inayotokana na kuvu, ni mfano unaojulikana na wengi. Kuvisaka viambata hivyo vilindini ni kushuka zaidi ya mita 200, mwanga wa jua unakofifia, na kuchunguza sifongo, matumbawe laini, jongoo bahari na wanyama wengine wasio na uti wa mgongo.

Kwa nini hao? Mtazame sifongo. Hana meno, hana gamba, hana mguu wa kukimbilia. Amejishikiza kwenye mwamba karibu maisha yake yote, na mwenye njaa yeyote anaweza kumfikia. Kinga yake kubwa ni kemia, na mara nyingi watengenezaji wake hasa ni bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake. Tena sumu ikitoka tu, maji huizimua papo hapo, kwa hiyo sharti iwe kali hata ikiwa chembe. Ukali huo ndio unaotafutwa.

Mkono wa roboti au wa nyambizi ndogo hukata kipande, nacho hugandishwa mapema kisioze. Maabara hukikatakata na kukiloweka kwenye alkoholi. Alkoholi ikishavukizwa, hubaki rojo lenye kemikali chungu nzima. Rojo hugawanywa mafungu, na kila fungu hudondoshwa juu ya seli za saratani au bakteria kwenye vishimo vya sahani ya plastiki. Fungu lililofanya kazi hugawanywa tena, na tena, hadi kibaki kiambata kimoja. Inauma sana kukuta, baada ya kazi yote hiyo, kwamba ni kile kile kilichokwisha kuelezwa zamani.

Lakini kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kiasi. Mwaka 1986 wanasayansi wa Japani walieleza halikondrini B, waliyoitoa kwenye sifongo Halichondria okadai. Ilikuwa na nguvu kubwa ya kuzuia seli za saratani. Baadaye sifongo mwingine mwenye kemikali hiyo alipatikana pwani ya Kaikoura, New Zealand, kwenye kina cha takriban mita 100 (bado si vilindi vyenyewe). Ilivunwa tani nzima. Kilichopatikana ni kama miligramu 300 za halikondrini B, wala hazijazi kijiko cha chai.

Kwa mahitaji ya wagonjwa, kiasi hicho ni sawa na hakuna. Wanakemia waligundua kwamba nusu tu ya molekuli ile ndefu ndiyo inayofanya kazi, wakaanza kuijenga hiyo nusu wenyewe, hatua kwa hatua. Ndiyo eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyosambaa mwilini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010. Kila kichupa chake hutoka kiwandani, bila sifongo hata mmoja kung'olewa mwambani.