Zinki haina usumaku, lakini huamsha usumaku wa shaba

Kutengeneza YBCO, oksidi ya itriamu, bariamu na shaba ambayo ni superkondakta (hupitisha umeme bila ukinzani ikipozwa), si kazi ngumu: unasaga oksidi ya itriamu, kaboneti ya bariamu na oksidi ya shaba, kisha unachoma kwenye tanuri la nyuzi 900 na zaidi. Mimi huongeza humo unga mweupe kidogo sana, oksidi ya zinki. Kidonge kinachotoka ni cheusi vilevile, na kwa macho huwezi kujua kama zinki imo. Tofauti huonekana ukikipoza. Kidonge safi hupoteza ukinzani wote wa umeme kwenye kelvini 92 hivi. Zinki ikichukua nafasi ya asilimia 1 tu ya shaba iliyo kwenye matabaka ya shaba na oksijeni, kiwango hicho hushuka kwa takriban kelvini 10.

Anayezijua superkondakta za zamani, kama aluminiamu, lazima ashangae. Huko, atomu ngeni isiyo na usumaku karibu haidhuru kitu. Mwanafizikia Philip Anderson alieleza sababu yake mwaka 1959. Zinazovunja jozi za elektroni, ambazo ndizo hubeba umeme bila ukinzani, ni zile atomu zenye usumaku. Sasa zinki, ambayo spini yake (usumaku mdogo wa elektroni zake) ni sifuri, inaharibu namna hii kwa nini?

Kwanza tazama kinachotokea kwa shaba. Kila atomu ya shaba kwenye tabaka ina spini moja inayovutana na za majirani, kila moja ikitaka kuelekea kinyume na mwenzake. Ondoa shaba moja, weka zinki, na majirani wanne wamepoteza mwenza. Sumaku ndogo huzuka hapo, wala si juu ya zinki yenyewe: imetandazwa kwenye shaba zinazoizunguka, moja juu, inayofuata chini, ikififia kadiri unavyokwenda mbali.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ulitoka Orsay, Ufaransa, kwa Henri Alloul na wenzake. Viini vya itriamu vimekaa katikati ya matabaka mawili ya shaba, kwa hiyo huhisi spini za pande zote mbili. Ukiviweka ndani ya uga sumaku na kuvipigia mawimbi ya redio, kila kiini huitika kwa masafa yanayotegemea majirani zake. Mwaka 1994 walionyesha kwamba viini vilivyo karibu na zinki vina mstari wao peke yao, yaani masafa yao wenyewe ya kuitika, na kwenye sampuli yenye upungufu wa oksijeni mstari huo husogea zaidi na zaidi baridi inapoongezeka, kama ifanyavyo spini iliyo huru.

Wengi hukimbilia kusema kwamba sumaku hizo ndizo zinazoua upitishaji wa umeme bila ukinzani. Mimi sikubaliani. Wimbi la jozi katika oksidi hizi lina ishara chanya upande mmoja na hasi upande mwingine, hivyo chochote kinachotawanya elektroni kwa nguvu huchanganya ishara hizo na kuzivunja jozi, kiwe na usumaku au kisiwe nao. Nikeli ndiyo kipimo kizuri: ina spini yake yenyewe, lakini darubini ya ncha (sindano kali sana inayopita juu ya atomu moja moja) iliyotumiwa na kundi la mwanafizikia Séamus Davis mwaka 2001 ilionyesha kuwa jozi zinaendelea kuishi hata pembeni mwake kabisa, ilhali kwenye zinki zilikuwa zimesambaratika.