Kulipia Mfumo Si Kuumiliki

Wiki iliyopita afisa mmoja wa halmashauri ya huku Nyanda za Juu Kusini aliketi ofisini kwangu Mbeya na kuniambia, kama walivyoniambia wengi kabla yake, kwamba mfumo wa kompyuta waliotengenezewa na kampuni ni mali ya halmashauri, kwa kuwa fedha zilitoka serikalini na hati ya zabuni ilitaja "programu huria", yaani programu ambayo leseni yake inaruhusu watu kuisoma, kuirekebisha na kuisambaza. Nilimwomba afungue masharti maalumu ya mkataba. Kifungu kimoja kilisema waziwazi kwamba mzabuni anabaki na haki zote za msimbo chanzo (maandishi ya mtengenezaji ambayo programu hujengwa kutokana nayo), na mnunuzi anapewa leseni ya kuutumia kwa muda wa mkataba tu.

Hakuna dhana inayonichosha kama hiyo. Hakimiliki huanza pale msimbo unapoandikwa, hata usiposajiliwa popote, na chanzo cha fedha peke yake hakiihamishi. Yanayoihamisha ni maandishi ya mkataba. Afisa alinijibu kwamba fundi akimaliza nyumba, nyumba ni ya mwenye kiwanja. Lakini fundi akishakabidhi nyumba hawezi kubaki nayo kwake, ilhali mfumo unaweza kukabidhiwa ukiwa unafanya kazi huku msimbo chanzo umebaki kwenye kompyuta ya kampuni. Mfano ulio karibu zaidi ni shamba la viazi la kukodi kule Uporoto: unalima, unavuna, na msimu ukiisha mwenyewe analichukua. Hata Marekani, sheria ya Bayh-Dole ya 1980 inaruhusu vyuo vikuu na kampuni ndogo kubaki na hataza (haki za kisheria za mvumbuzi) za uvumbuzi uliogharimiwa na serikali kuu, serikali ikibakiwa na leseni ya kuutumia.

Neno "huria" nalo halimalizi ubishi. DHIS2, ambayo sekta yetu ya afya huitumia kukusanya takwimu, iko chini ya leseni ya BSD, leseni huria isiyo na masharti mengi, kwa hiyo kampuni inayoifanyia marekebisho inaweza kuyafunga, yaani kutotoa msimbo wake, isipokuwa mkataba ukikataza. GPL, leseni nyingine ya programu huria, ni kali zaidi: anayekukabidhi programu iliyotokana nayo analazimika kukupatia msimbo chanzo, na kifungu cha usiri kinachokuzuia kumpa mwingine kinakiuka leseni yenyewe.

Ushauri wangu, ambao maafisa manunuzi wameshauchoka, ni kwamba msilipe awamu yoyote kabla afisa TEHAMA wenu hajausimika upya mfumo kwenye seva yenu kutokana na msimbo mliokabidhiwa, mzabuni akiwa amekaa pembeni bila kugusa kibodi.

Wapo pia wanaodhani programu huria hairuhusiwi kuuzwa, kumbe inaruhusiwa. Wanaohofia kwamba GPL itawalazimisha kuanika taarifa za walipakodi wajue kuwa leseni inahusu msimbo, si kumbukumbu zilizomo, na kwamba kuitumia programu ndani ya ofisi bila kuisambaza hakumlazimishi mtu kuchapisha chochote.

Yule afisa nimemwandikia nyongeza ya mkataba ya ukurasa mmoja inayohamisha hakimiliki, na sasa kazi yake ni kumfanya mzabuni aisaini angali anadai awamu ya mwisho.