Kabla hujashangilia asilimia, uliza imegawanywa kwa ngapi

Kila robo ya mwaka wa fedha ikifungwa, kundi letu la WhatsApp la watu wa mipango huku Kanda ya Ziwa halilali. Jedwali la makusanyo ya mapato ya ndani ya halmashauri likitua tu, hata kabla mtu hajalifungua vizuri, vijembe vimeshaanza. "Ninyi wa kisiwani mmezama tena." "Wa mjini leo mnatununulia soda." Anayeongoza anaweka picha ya kombe. Wa mwisho anajifanya hayuko hewani.

Mimi nami nimecheka sana humo. Lakini kazi yangu ni ufuatiliaji na tathmini, na kabla ya hapo nilikaa miaka kadhaa idara ya mipango ya halmashauri moja ya kanda hii, kwa hiyo jikoni kwa jedwali hilo napajua.

Jedwali huwa na safu ya shilingi na safu ya asilimia. Watu husoma asilimia, kwa sababu ndiyo inayopanga nani wa kwanza. Asilimia hiyo ni makusanyo kugawanya kwa makisio, na makisio ni lengo ambalo halmashauri yenyewe ilijiwekea kwenye bajeti. Tufanye hesabu ya kubuni. Halmashauri A ilikisia shilingi bilioni 2, ikakusanya bilioni 2.2. Hiyo ni asilimia 110. Halmashauri B, yenye watu na biashara zilezile, ilikisia bilioni 5, ikapata bilioni 4.5. Asilimia 90. A inapigiwa makofi, B inaandikiwa barua ya kujieleza, na B ndiyo iliyoleta fedha mara mbili ya mwenzake.

Mimi mwenyewe nimeshiriki mchezo huu. Nakumbuka kikao cha bajeti, saa mbili usiku, chai imepoa kwenye chupa, tunabishana juu ya ushuru wa mialo, yaani pale ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Mmoja wetu akasema taratibu, "Jamani, tusijitie kitanzi wenyewe." Tukayapunguza makisio. Hakuna aliyeghushi kitu. Kila karatasi ilikuwa na sahihi yake. Mwaka uliofuata tulivuka lengo, tukapongezwa, na ushuru uliokuwa ukivuja kule mialoni ukaendelea kuvuja vilevile.

Mwaka 1975 mchumi wa benki kuu ya Uingereza, Charles Goodhart, akizungumzia sera ya fedha, alieleza kwamba uhusiano wa kitakwimu unaotegemewa huvurugika pale unapoanza kutumika kama chombo cha udhibiti. Wataalamu wa tathmini duniani kote humnukuu kama mtume. Wazee wetu walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hawakuhitaji benki kuu kulijua hilo.

Hata makisio yakiwa ya haki, bado hatujaweza kulinganisha. Mkoa wa Mwanza una halmashauri nane: Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Mjini kuna viwanda, hoteli na maduka ya jumla, na ushuru wa huduma, ambao hukatwa kwenye mauzo, unakuja wenyewe kwa kampuni chache kubwa. Kule Kwimba ushuru unasubiri pamba. Ukerewe unasubiri dagaa, na dagaa husubiri mwezi.

Hili la mwezi nalieleza kwa sababu nimeona watu wazima wenye shahada wakilisahau. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti kitu, wavuvi wanatia nanga, wanashona nyavu na kulala. Mwalo unaouza magunia kwa magunia wiki hii unaweza kuwa kimya kabisa wiki mbili mbele. Sasa kuna mtu aliwahi kuleta grafu ya ushuru wa wiki kwa wiki, akaonyesha "kushuka kwa utendaji" kwa wakusanyaji wa mwalo mmoja, akapendekeza wabadilishwe. Nilifungua kalenda kwenye simu, nikaweka mwezi mpevu kando ya kila bonde la grafu ile. Yalikaa sawia. Wakusanyaji walikuwa hawana kosa. Walikuwa wakikusanya kutoka kwa watu waliolala.

Upande wa afya, namba ya chini ya mgawanyo inasumbua zaidi, maana haipangwi na aliye kituoni. Asilimia ya chanjo ni watoto waliochanjwa kugawanya kwa walengwa, na walengwa hutoka kwenye makadirio ya sensa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,699,872 mkoani kwetu, kati yao 594,834 Nyamagana, yaani Jiji la Mwanza, na 509,687 Ilemela. Namba hizo ni nzuri kwa mkoa, zinafaa kwa wilaya. Ukizikatakata hadi zahanati moja ya kisiwani, zinaanza kuyumba.

Nilifika zahanati ya namna hiyo mwezi wa Oktoba. Ukutani kulikuwa na ile chati ya kufuatilia chanjo, mstari unaopanda mwezi hadi mwezi, kileleni asilimia 100. Mstari ulikuwa umeshatoboa dari. Nesi alikuwa amebandika kipande cha manila juu ya chati kwa gundi ya karatasi, akaendelea kuchora. Nikamuuliza, "Dada, hawa watoto wote ni wa hapa?"

Akanitazama kama nimeuliza bei ya hewa. "Wa hapa ndiyo yupi, kaka? Mama yake kashuka mtumbwini juzi, anaanika dagaa pale chini. Kadi ya mtoto ya Geita. Nimrudishe?"

Hakumrudisha, na alifanya vizuri. Lakini fuata hesabu. Kituo chake kinaonekana kimevuka lengo. Kule alikotoka mama yule, mtoto bado yuko kwenye orodha ya walengwa na hakuchanjwa pale, kwa hiyo kituo hicho kinaonekana kimelala, na mganga mfawidhi wake ataulizwa kwenye kikao. Mtoto ni mmoja, amechanjwa, na tayari ametengeneza sifa sehemu moja na lawama nyingine. Ndiyo maana nikipewa asilimia ya kituo kimoja cha mwambao huwa naitafuna taratibu. Ya wilaya naiamini kiasi. Ya mkoa zaidi, maana wavuvi wengi wanaohama hubaki ndani ya ziwa lilelile na makosa hufutana. Ila hayafutiki yote. Ziwa ni la mikoa kadhaa na nchi tatu.

Mtu ataniambia tuachane na asilimia, tuwape nyota. Tumeshajaribu. Kuanzia mwaka 2015 Wizara ya Afya ilipita kwenye vituo vya afya ya msingi nchi nzima ikivipa nyota kuanzia sifuri hadi tano, lengo likiwa vituo vifike angalau nyota tatu. Binafsi niliupenda mpango ule kuliko majedwali mengi, kwa sababu kila kituo kiliachiwa orodha ya kasoro zake: maji hakuna, kichomea taka kibovu, wagonjwa hawajui pa kulalamikia. Nyota peke yake haimsaidii mtu. Orodha iliyo nyuma yake ndiyo kazi. Kwenye elimu tulifanya kinyume, tukazoea kusubiri shule kumi bora kama matokeo ya ligi, mpaka Baraza la Mitihani lilipoacha kuzitangaza mwanzoni mwa 2023. Sikulia. Shule inayochuja wanafunzi mlangoni na shule ya kata inayopokea kila anayekuja zilikuwa zinapimwa kwa rula moja kana kwamba zilianzia mstari mmoja.

Waingereza nao walipita njia hiyo. Mwaka 2002 Tume yao ya Ukaguzi ilianza kuzipa halmashauri za England alama ya neno moja, kutoka bora sana hadi duni. Magazeti yalifurahi. Tume yenyewe ilifungwa mwaka 2015.

Na hati safi? Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu nimeshaligombania hili kwenye misiba na harusi. Hati safi ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inasema hesabu za halmashauri zimeandaliwa inavyotakiwa na zinaonyesha hali halisi ya fedha zake. Haisemi zahanati ina dawa. Halmashauri inaweza kuwa na vitabu vinavyong'aa na vyoo vya shule vilivyotitia. Diwani anayeinua hati safi jukwaani kama ushahidi wa huduma anainua kitu kingine.

Mwanza tuna historia yetu ya kushindanishwa. Jiji lilizoea kushinda mashindano ya usafi kiasi kwamba tuliokulia hapa tunaona uchafu wa miji mingine kama kosa la adabu. Lakini taka zinapimwaje? Kwa kawaida ni tripu za lori zilizofika dampo, kwa ukubwa wa lori, kugawanya kwa taka zinazodhaniwa kuzalishwa. Na hizo zinazodhaniwa ni idadi ya watu mara kilo fulani kwa kila mtu kwa siku. Juu kuna makadirio, maana lori lililojaa nusu na lililojaa pomoni yote ni tripu moja. Chini kuna makadirio juu ya makadirio. Halafu tunaandika jibu lenye desimali mbili.

Aliyewahi kupanda mawe ya Bugarika au Igogo anajua kingine. Lori halipandi kule. Taka hushushwa kwa kichwa, kwa mkokoteni, kwa vijana wa vikundi, hadi kwenye kizimba barabarani. Kaya iliyo juu kabisa, yenye bibi na wajukuu wawili, haishushi kitu. Inasubiri mvua. Mvua ikinyesha, mfuko unateremka mferejini, unaingia Mto Mirongo, unaishia ziwani. Taka hizo hazikuingia kwenye tripu yoyote, na mtaa umebaki msafi. Ukija kupima asubuhi baada ya mvua, utaupa alama nzuri.

Kosa jingine ninaloliona likija ni la kumpa mtu sifa ya daraja. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025. Kabla ya hapo mgonjwa wa rufaa kutoka Sengerema au Buchosa kwenda Hospitali ya Bugando jijini Mwanza alisubiri kivuko, na kivuko kilikuwa na ratiba yake. Muda wa kumfikisha mgonjwa sasa lazima upungue. Atakayeandaa jedwali la "halmashauri zilizoboresha huduma za rufaa" ataziona za ng'ambo zikiruka juu, na mkurugenzi aliyehamia pale mwezi uliopita atapewa cheti. Ukitaka kujua halmashauri yenyewe ilifanya nini, angalia vipande vya muda ambavyo daraja halikuvigusa: tangu mama alipofika zahanati hadi gari lilipoitwa, na tangu lilipoitwa hadi lilipowasha injini. Hapo ndipo kuna mafuta, dereva, simu inayopokelewa. Hapo mkurugenzi ana mkono wake.

Ndiyo maana siku hizi nikiletewa wastani naomba kwanza nionyeshwe ulivyosambaa. Katika mji mmoja wa kando ya ziwa, ambao siutaji, nilipewa wastani wa saa za kupata maji kwa siku. Ulikuwa wastani mzuri tu, na sikuwa na sababu ya kudhani aliyeuandika amekosea. Nikapanda mlimani.

Mama mmoja alinikaribisha ndani. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma. Akaitikia, akanipa kigoda. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na alama za chaki, safu kwa safu. Nikadhani ni za mkopo wa kikoba. "Hapana, baba. Hii fimbo ni siku maji yalitoka mchana. Hii duara, usiku. Pasipo kitu, hayakutoka." Alianza kuziandika baada ya kuamka saa tisa usiku mara kadhaa na kukuta bomba kavu, alitaka kujua usiku upi inafaa aamke. Duara zilikuwa nyingi kuliko fimbo, na nafasi tupu zilikuwa nyingi kuliko zote mbili. Mchana walio chini huchota, presha haifiki juu. Wakilala, maji hupanda. Ule wastani mzuri ulikuwa umetengenezwa na watu wa chini wenye maji karibu wakati wote, pamoja na huyu mama na majirani zake.

Nilipiga picha ule mlango. Kwenye kikao cha mrejesho nikaiweka kwenye skrini baada ya jedwali rasmi, bila maelezo. Mwenyekiti akakunja uso. "Mtaalamu, hii ni ya robo ipi?"

"Ni ya jikoni kwa mama mmoja, mheshimiwa."

Kuna waliocheka. Yeye hakucheka. Aliisogelea skrini, akahesabu zile nafasi tupu kwa kidole, kisha akageuka na kuuliza kwamba mlango huo uko upande gani wa mlima, na juu yake zimebaki nyumba ngapi.