Yeremia 29:11 haikuahidi nafuu ya haraka

Hapa Goma, mstari wa Yeremia 29:11, unaosema kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani wala si ya mabaya, husomwa kwenye misiba na katika vyumba vya maombi kana kwamba umeahidi shida kwisha kabla ya mwezi kuandama. Shida isipokwisha, aliyeamini huambiwa kwamba imani yake ni haba, na maneno hayo humwumiza kuliko shida yenyewe.

Mstari huo umo katika barua ambayo nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari unaoutangulia unataja miaka 70 ya kungoja kabla ya kurudishwa kwao. Aliyewaahidi kurudi ndani ya miaka miwili alikuwa nabii mwingine, Hanania, katika sura ya 28, na Yeremia alimwambia waziwazi kwamba anawatumainisha watu uongo. Wengi waliosomewa barua ile, basi, wasingeiona tena Yerusalemu, na bado waliagizwa kujenga nyumba, kupanda bustani na kuuombea amani mji ule wa ugenini.

Tumaini la namna hiyo nalijua kwa macho. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipofunika sehemu ya mji mwaka 2002, watu walisimamisha nyumba za mbao juu ya mawe yaleyale meusi. Jirani yangu, mama mjane, hubeba udongo kwa beseni, akaumwaga kati ya mawe na kupanda lengalenga, huku akiimba na mara nyingine akilia. Machozi hayo si upungufu wa imani: Yesu mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro.