Je, wajua kwa nini kifungu "rahisi" cha chatboti huwa si rahisi?

Mwalimu tarajali wa Kiingereza akiiomba chatboti kifungu cha ufahamu cha kiwango cha A2 (ngazi ya pili kutoka chini kati ya sita za Baraza la Ulaya), maneno 150, mada sokoni, hukipata kabla hajafungua daftari la maandalio. Sentensi ni fupi na sarufi haina doa. Kisha darasani wanafunzi wanakwama mstari wa pili, kwenye bustling (lenye pilikapilika). Soko likitajwa, chatboti hailiachi neno hilo.

Wengi huamini kwamba ndani ya chatboti kuna orodha ya maneno ya kila kiwango: ukisema A2, yaliyozidi yanachujwa. Si dhana ya kipuuzi, kwa sababu vitabu vya hadithi zilizorahisishwa vimetengenezwa hivyo miaka mingi. Mhariri anaweka orodha mezani, na neno lisilomo linaondolewa au linapewa maelezo. Orodha mashuhuri ya Michael West ya mwaka 1953, yenye maneno yapatayo 2,000, ilitumika kwa kazi hiyo. Ikiwa binadamu aliyechoka anaweza kukagua neno kwa neno, mashine isiyochoka itashindwaje?

Haishindwi kukagua. Haikagui kabisa. Hata wanaojua kwamba chatboti hubashiri kipande cha maandishi kinachofuata huendelea kudhani kuna kichujio mahali fulani kati ya kubashiri na kuandika. Kwa kawaida hakipo, ingawa mtengenezaji wa programu ya walimu anaweza kuongeza cha kwake kando. Dhana hiyo huota mizizi zaidi kwa sababu ukiiuliza chatboti kifungu chake ni cha kiwango gani, mara nyingi itajibu A2 bila kusita. Jibu hilo nalo limebashiriwa, na lebo ya A2 bado ipo hapo juu kwenye mazungumzo.

Kinachofanyika ni hiki. Modeli ya lugha, yaani programu inayoendesha chatboti, huandika kipande kwa kipande, na kila kipande huchaguliwa kulingana na yaliyotangulia, ombi lako likiwemo. "A2" huyavuta maandishi kuelekea mtindo wa matini ambazo modeli ilizikuta karibu na lebo hiyo ilipofunzwa. Mfikirie fundi cherehani aliyeona maelfu ya mashati ya watoto lakini hana futi ya kupimia. Mwambie ashone shati la mtoto wa miaka saba, atakata kwa jicho. Kola itakuwa ndogo, vifungo vitakuwa vya rangirangi, na yeyote atakayeliona atasema ni la mtoto. Mkono wa shati ndio utakaozidi. Tena fundi huyu hafumui: alichokwisha kukishona anakiacha, na kinachofuata anakilinganisha nacho. Bustling moja ikishapita, vibrant (lenye uchangamfu) inapata nafasi. Idadi ya maneno huyumba kwa sababu hiyohiyo ya kukadiria, ingawa chatboti zinazoweza kuendesha programu ya kuhesabu huikaribia zaidi.

Je, maneno machache yanadhuru kiasi hicho? Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji huhitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno ili aelewe hadithi bila msaada. Katika kifungu cha maneno 150, asilimia mbili iliyobaki ni maneno matatu tu ya kigeni. Waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo ni makadirio, si sheria. Na A2 yenyewe ni ya kutanuka: viwango vya Baraza la Ulaya vya mwaka 2001 vinaeleza mwanafunzi anaweza kufanya nini na lugha. Orodha za maneno ya Kiingereza zilizopangwa kwa viwango hivyo zilikuja baadaye, kutoka kwa wengine.

Anayefundisha kwa mara ya kwanza ndiye huumia zaidi. Mwalimu mzoefu hulisikia neno lililozidi. Mgeni huona ukurasa msafi tu.

Badala ya lebo, ipe chatboti kifungu kizima kutoka kitabu ambacho darasa linatumia, kisha iombe kingine kama hicho. Mfano ulio mbele yake huivuta kuliko herufi na tarakimu moja. Baada ya hapo pitisha matokeo kwenye programu ya kuchambua msamiati, ile inayopaka rangi kila neno kulingana na orodha. Hii inakagua kweli. Ila nayo ina kioja chake: ikikutana na put up with huona maneno matatu mepesi kabisa na kuyapitisha yote, wakati mwanafunzi wa A2 anayeyajua yote matatu hana njia ya kukisia kwamba pamoja yana maana ya kuvumilia.