Habari ipi ya bangi ya tiba inamhusu mgonjwa?

Tarehe 2 Desemba 2020, Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, ikikutana Vienna, iliiondoa bangi katika Jedwali la Nne la Mkataba wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, orodha ya dawa zinazohesabiwa kuwa hatari zaidi na zenye manufaa madogo ya tiba, kwa kura 27 dhidi ya 25. Aliyesoma kichwa cha habari peke yake angeweza kudhani kwamba bangi imehalalishwa duniani. La hasha. Ilibaki katika Jedwali la Kwanza, chini ya udhibiti mkali, na kila nchi ikaendelea na sheria zake: Kenya na ile ya mwaka 1994, Tanzania na ile ya mwaka 2015. Watafiti walikuwa na sababu ya kufurahi, lakini muuguzi aliyeingia zamu kesho yake hakuwa na la kubadilisha.

Ndiyo maana sisi tunaopitia taarifa za dawa kwa niaba ya madaktari huipima kila habari kwa swali moja: je, yupo mgonjwa atakayehudumiwa tofauti kwa sababu yake? Habari za hisa za makampuni ya bangi huanguka hapo hapo. Ile ya Rwanda kuruhusu kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje ni habari ya biashara, nayo seli za saratani zilizokufa kwenye kisahani cha maabara bado ziko mbali sana na wodi.

Utafiti wa mwaka 2017 kuhusu kanabidioli, kemikali ya bangi isiyolevya, ulivuka kipimo hicho. Watoto na vijana 120 wenye sindromu ya Dravet, aina ya kifafa kisichosikia dawa kwa urahisi, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na jingine kimiminika kisicho na dawa. Kwa mgonjwa aliye katikati ya kundi la kwanza, mishtuko ilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9 kwa mwezi. Kwa wenzake ilitoka 14.9 hadi 14.1 tu. Mwaka uliofuata Marekani iliisajili dawa hiyo. Ugonjwa unajulikana, dozi inajulikana, na kila chupa ina kiasi kilekile.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, sehemu yenye manufaa zaidi kwetu ni ile ambayo vichwa vya habari huiruka: vimeng'enya vya ini, ambavyo kupanda kwake katika damu ni dalili kwamba ini linaweza kuwa linaumia, vilipanda, hasa kwa waliokuwa wakitumia pia valproeti, na valproeti ni dawa ya kifafa ya kawaida katika kliniki zetu. Mzazi anayempa mtoto mafuta ya bangi yenye kanabidioli kimyakimya huku akiendelea na valproeti anamnyima daktari taarifa ambayo ingemfanya apime ini.

Tuchukue mtoto wa kilo 12. Kwa dozi ya utafiti ule anahitaji miligramu 240 kwa siku, yaani mililita 2.4 za dawa iliyosajiliwa. Chupa ya mafuta ya mililita 30 iliyoandikwa miligramu 300 za kanabidioli ingemtosha siku moja na robo, ilhali muuzaji humwambia mama adondoshe matone machache chini ya ulimi. Tena hayo ni kama lebo inasema kweli. Wachunguzi walionunua bidhaa 84 za aina hiyo mtandaoni nchini Marekani walikuta 26 tu ndizo zenye kiasi kilichoandikwa, na 18 zilikuwa na THC, kemikali inayolevya. Habari hiyo haikuwa na shangwe yoyote, lakini inamgusa moja kwa moja kila mgonjwa mwenye chupa nyumbani.

Mzazi aliyekwisha kuanza kumpa mtoto mafuta hayo asimwachishe dawa za kifafa, kwani kuzikatiza ghafla kunaweza kuleta mishtuko mfululizo. Aende kliniki na chupa yenyewe, na ataje dawa zote anazotumia mtoto, hata zile alizoshauriwa na jirani.